Kumfuta Kaanaeli

Jumatatu, 11 Machi 2002
Daktari anasema moyo wangu hautafika mavuno ya kahawa. Basi niseme nilichowaficha wote: nilimfuta Kaanaeli, jirani yangu wa shamba. Si kwa panga, sina nguvu hata ya kukata mkungu wa ndizi. Nilimfuta kwenye kompyuta ya kikundi chetu cha wakulima, kwa sababu alijifungulia maji ya mfereji siku ya zamu yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Ile programu ya zamani ya kumbukumbu niliisomea, na faili la wanachama ni langu kama meno yangu. (Meno nayo ni ya bandia.)

Sasa kikundi kinataka tovuti, wanunuzi wa ng'ambo watuone. Siku hizi kila mtu anajitafutia soko. Wamemleta Kauthar, binti wa Sakina, fundi wa kutengeneza kurasa za intaneti. Ukurasa wake utasoma faili langu moja kwa moja. Jina la kwanza: Ephraimu, yaani mimi. Jumapili mjukuu wangu Elieshi atafungua huko Norwe, amwone babu yake kabla hajazikwa. Sitaki kingine duniani.

Jumanne, 12 Machi
Tovuti imefunguka. Fedheha! Marehemu wamefufuka.

Programu yetu haifuti kitu. Ukifuta, inaweka kinyota kando ya jina na kulificha tu. Kulitoa kabisa kunataka amri ya pili, PACK, ambayo sikuwahi kuitumia. Niliiona ni ya watu wasiojiamini. Ukurasa wa Kauthar haujui vinyota, umewaanika wote niliowahi kuwafuta. Hanna, mjane wa Philemoni, kaja mbio kuuliza: kama marehemu bado ni mkulima, mbona palizi kamwachia yeye?

Na Kaanaeli yumo! Mstari wa pili, chini yangu, kama kupe.

Alhamisi, 14 Machi
Kauthar kagundua vinyota. Kaniamkia shikamoo kwa upole, kisha kaniuliza mzee Kaanaeli alifariki lini. Nikajibu ni muda sasa. Nikamsifu marehemu kidogo.

Marehemu akaingia na kibuyu cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mtindi.

"Mwalimu! Wanangu wameniona kwenye intaneti! Nikadhani una kinyongo na yale maji, kumbe umeniweka wa pili, baada yako tu!" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kauthar akanitazama. "Babu, huyu marehemu ana afya."

"Marehemu gani?" akauliza Kaanaeli.

Nikaanza kukohoa. Kikohozi cha mzee ni mlango wa uani. Kauthar akaondoa kinyota cha Kaanaeli, akaniachia mimi kazi ya kuwatoa marehemu wa kweli, maana ndimi niliyewazika. Loshoro ilikuwa nzuri. Nilikula bila kutubu.

Jumamosi, 16 Machi
Mfereji mkavu asubuhi. Zamu yangu! Kaanaeli tena! Nikaenda ofisini kwa mkongojo, nikipumzika kila penye kivuli. Miwani niliisahau, lakini vidole vyangu vina elimu. Nikafungua faili. DELETE. PACK. Nikanakili juu ya diski ya akiba, asipate pa kurudia. Nikampa Kauthar diski ailishe tovuti. Kazi safi. Buriani, Kaanaeli.

Jioni maji yakafika shambani. Kumbe Kaanaeli alishinda kwenye banio, maji yanapoingilia mferejini, akizibua tope, ili zamu yangu isipotee. Angeniambia mapema!

Jumapili, 17 Machi
Elieshi kapiga simu ya jirani. Sauti yake karibu kana kwamba yuko hapo Nduruma tu. Akasema: "Babu, nimemwona babu Kaanaeli, wa kwanza kabisa! Wewe nimekutafuta mpaka chini. Uko wapi?"

Nikamwambia ni hila za Kaanaeli. Akalia. Nami nikalia, ila mimi nilikuwa najua kwa nini.

Faili lile likifunguliwa husimama kwenye jina la kwanza mpaka ulihamishe kwenda jina jingine. Sikulihamisha.

Kaanaeli kaja baada ya ibada, kaapa atamwomba Kauthar aniandike upya kesho. Nitakuwa wa mwisho, chini ya wote, yeye juu! Haiwezekani. Kesho nikiandikwa tu, nitamfuta vizuri, nikiwa na miwani.

Lakini kwa leo ukweli ni huu: niliyemfuta ni mimi.