Timu Iende Dirma, Magoli Yabaki Maretadu

Ndugu Mwenyekiti wa Ligi ya Jumapili, Mzee Gregory,

Shikamoo. Huku hatujambo, mahindi yamebeba, ila Jumapili zetu ndizo zinazoumwa.

Naandika kama Katibu wa Mashabiki wa timu ya Maretadu. Mwenye timu, Bwana Wolfgang wa mashine ya kusaga, ameihamishia Dirma pamoja na mipira, nyavu na jina. Dirma walimwahidi uwanja tambarare. Malalamiko yetu ni haya:

1. Uwanja wetu una mteremko, hatukatai. Lakini vijana wamekulia humo. Mshambuliaji Rogers amezoea kupiga mpira kuelekea mlimani. Kwenye tambarare tunasikia anapaisha kila mara. Huko ni kuua kipaji.

2. Mwalimu Kissa, aliyeletwa kwetu kutoka Mbeya, alitusomea habari za Marekani kwenye simu yake. Huko mpira wa miguu wanaushika mikononi, nalo tumewasamehe. Mwaka 1996 timu ya mji wa Cleveland ilihamishiwa Baltimore. Watu walilalamika mpaka ikakubaliwa kwamba wachezaji waende, ila jina, rangi na historia vibaki Cleveland. Nasi tunaomba hivyo hivyo. Historia yetu ni kombe moja na picha mbili, na tayari viko kabatini kwa mke wangu Fransiska.

3. Wamarekani walisahau jambo moja. Kwetu ukimpa jirani ng'ombe akutunzie, maziwa ni yake, ndama ni wako. Kwa hiyo Dirma wanywe maziwa, yaani kelele na vumbi. Magoli ni ndama, yarudishwe Maretadu kila Jumatatu. Wakifungwa, walete ushahidi, kama mtunzaji anavyoleta ngozi ng'ombe akifa.

4. Goti la kipa Yohanes. Lilipoumia mwaka juzi lilipona kwa makande ya jikoni kwangu. Yohanes aende salama; goti tunalidai.

5. Hili ndilo zito. Zamani tukitoka kanisani tulikwenda uwanjani moja kwa moja. Siku hizi tunafika nyumbani mchana kweupe na wake zetu wanatuona. Nimeshajenga banda, nimeshachimba choo, na sasa nimeonyeshwa paa. Mzee wangu, naumia. Nikiona mbuzi wamelala golini kwa Yohanes machozi yananitoka, na sioni aibu kuyaandika.

Tunaomba kamati itamke kwamba timu irudi, au irudi kwa vipande.

Nisalimie mama Hilaria, watoto, majirani na waamuzi wote, isipokuwa yule aliyechezesha mechi yetu na Gitting.

Wako katika mpira na katika uchungu,
Nicodemo Sulle
Katibu wa Mashabiki, Maretadu

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Jumapili nilipeleka nakala Dirma kwa mkono. Nikakuta mechi inaendelea, nikasimama pembeni nimenuna. Rogers akafunga, tena kwenye tambarare, akakimbia mpaka nilipo na kuinama mbele ya watu wote. "Shikamoo, baba," alisema. "Kila Jumapili tunaangalia kama umekuja." Basi naomba timu isiguswe. Nimepata chumba karibu na uwanja, kwa hiyo jibu litumwe Dirma. Fransiska bado hajajua. Naomba kamati imwarifu kwa niaba yangu.