Moli Mia Kwenye Chupa Moja

Jumatatu, tarehe 4 Mei
Mkuu wa chumba cha kuchanganyia anastaafu. Hatimaye! Miaka kumi na tisa nimekoroga sabuni ya kiwanda hiki, nani mwingine? Lakini meneja anataka kutupima kwanza, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Tunamwita Tone, maana yeye hamimini kitu, anadondosha. Ana miezi minane tu kazini! Nimecheka mpaka koo likakauka.

Jumanne, tarehe 5
Mtihani ni Alhamisi: kutengeneza maji ya kostiki ya kupimia mafuta. Mililita mia mbili, nusu moli kwa kila lita. Moli ni nini? Sikuuliza. Mtu wa hadhi yangu haulizi. Tone alipokwenda kunawa nikachungulia daftari lake. Ukolezi mara ujazo, unapata moli. Basi? Na chuoni alikaa miaka mitatu!

Jumatano, tarehe 6
Nimepiga hesabu chooni, komeo nimetia. Nusu mara mia mbili: moli mia moja! Nikachungulia tena kwa Tone. Kaandika sifuri nukta moja. Maskini. Nilimhurumia, ila sikumwambia. Nyumbani mke wangu akauliza mbona natembea kifua mbele mpaka jikoni. Nikamwambia azoee.

Alhamisi, tarehe 7
Moli moja ya kostiki ni gramu arobaini, imebandikwa ukutani. Kwa hiyo mia ni kilo nne. Mtunza stoo akauliza nazitia kwenye pipa gani. Nikamwonyesha chupa. Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. "Mzee, hii hata chai ya watu wawili haienei." Nikamwambia apime, asinifundishe kazi.

Tone alipima gramu nne, akamaliza, akakaa. Chupa yangu ilijaa pomoni, na kilo tatu na ushei bado ziko mezani. Nikatikisa. Nikashindilia kwa kijiko! Nilipoinua jagi la maji meneja akanidaka mkono: yangechemka yakaniunguza uso. Tone akaeleza kwa upole kwamba ujazo unatakiwa kwa lita. Mililita unagawa kwa elfu kwanza. Kumbe kosa lenyewe ni nukta tu!

Ijumaa, tarehe 8
Tone ndiye mkuu. Mke wangu kampigia mdogo wake vigelegele kwenye simu, mbele yangu! Mimi ni msaidizi. Nimekubali kwa moyo mweupe. Bila mimi angemshinda nani?

Jumatatu, tarehe 11
Leo Tone kaniagiza lita mbili za maji yaleyale. Akauliza kama nakumbuka kanuni. Nilijisikia vibaya, lakini nikatabasamu. Mbili gawa kwa elfu, mara nusu, mara arobaini: gramu sifuri nukta sifuri nne. Nikaweka chembe moja. Mizani ikasema sifuri. Nikaongeza ya pili. Sifuri! Tone akaja, akaona, akashika kichwa. Nikamfariji: si kosa lake, mizani mbovu kaikuta. Barua ya kumwomba meneja mizani mpya nimeshaiandika. Nimetia saini: Mtaalamu wa Moli.