Mpango wa Kurudi Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Novemba
Nimetia saini. Nyumba si yangu tena. Hatua ya kwanza imekamilika.

Nauandika mpango hapa maana tangu Doreen afariki sina wa kumwambia. Zamani mimi na mke wangu tulikuwa wapangaji wa halmashauri, nayo ikatuuzia namba kumi na nne, ghorofa ya tatu, kwa bei ya kutupa. Sasa imejuta. Inazinunua tena nyumba zilezile kwa bei ya soko, iwape wasio na makao. Na mimi nikishauza, sina makao! Basi watanipa nyumba. Nitaomba namba kumi na nne. Nikikaa miaka michache, nitainunua tena kwa bei ya kutupa. Sielewi kwa nini hakuna aliyeliwaza hili.

Fedha za mauzo zimeishia benki, kulipa mkopo wa kufuga konokono. Walikuwa konokono wa kuuza mahotelini. Walikufa wote kwenye beseni la kuogea, wiki ileile ya mazishi ya Doreen.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimekabidhi funguo. Mmoja nimeuficha. Nikirudi, wachonge mwingine wa nini?

Beryl Ockenden wa mlango wa pili alisimama na ndara zake akihesabu masanduku yangu. Hakuwahi kuinunua yake, amebaki mpangaji tu, na kwa miaka mingi nimemtania kwa hilo. Akauliza nahamia wapi. Nikajibu nakwenda kwa dada yangu kidogo, narudi. "Haya, Desmond," akasema. "Ujanja mwingi, mbele kiza." Kisha akanipa pai ya nyama ya kula njiani. Wivu tu.

Ukuta wa jikoni Doreen aliupaka njano kwa mkono wake. Niliugusa kabla ya kutoka. Ulikuwa baridi.

Ijumaa, 8 Novemba
Ofisi ya makazi. Bi. Farrant, binti mwenye mafua, aliuliza nilikuwa nakaa wapi. Nikamtajia. Akauliza nimeondokaje. Nikasema, kwa fahari, nimewauzia ninyi. Akaacha kuandika. Akataka kujua kama kuna aliyenilazimisha. Hakuna, nikamwambia, ni akili yangu mwenyewe. Akasema watanijibu. Nadhani nimemvutia.

Nalala kwenye kochi kwa dada Glenys. Kochi ni la mbwa wake, Bunty. Husubiri nisinzie, ndipo apande.

Jumatano, 27 Novemba
Jibu limekuja. Aliyeiacha nyumba yake kwa hiari, sheria inasema amejitakia. Sipewi kitu.

Nilimweleza Bi. Farrant kwamba mimi sikujitakia kukosa nyumba, nilijitakia kupata. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniuma. "Bwana Sproat," akasema, "laiti ungepita hapa kabla hujauza." Nikamjibu kwamba ningepita, wangeujua mpango.

Nimerudi kwa miguu, mvua njia nzima. Miaka yote nimekuwa mtu mwenye mlango wake. Sasa nabisha hodi kwa dada yangu.

Jumapili, 1 Desemba
Nilikwenda kurudisha ufunguo. Si kweli. Nilikwenda kuona kama bado unafungua. Haufungui.

Msichana mdogo akafungua kutoka ndani, mama yake nyuma. Nikasema mimi ni fundi wa halmashauri, nimekuja kuangalia bomba. "Afadhali umekuja, mzee wangu," akasema yule mama, Leanne. "Linadondosha maji, hatulali." Nikaomba kijiko, nikaligonga pale alipokuwa akiligonga Doreen. Likanyamaza.

Akanisimulia kwamba mwaka mzima waliwekwa hotelini, chumba kimoja, watoto wakila sakafuni. Sasa wanakimbizana kwenye korido, na mama jirani anawaletea keki. Beryl. Keki! Nikauliza kama watapaka jikoni rangi nyingine. Akasema alitaka nyeupe, lakini watoto wamegoma, wanaipenda ile njano.

Nikaaga haraka. Nililia kwenye ngazi. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumatano, 4 Desemba
Nimewaza kwa makini ni wapi nilikosea. Nimepaona. Muuzaji nilikuwa mimi mwenyewe.

Nyumba ya Glenys ni ya halmashauri, naye amepanga miaka mingi. Ana haki ya kuinunua kwa bei ya chini. Ainunue, kisha awauzie tena. Atakayejitakia ni yeye. Mimi nitakuwa mgeni tu aliyepoteza kochi, bila kosa, na nitapewa nyumba. Kisha nitamkaribisha.

Nilimweleza wakati wa chai. Aliweka kikombe chini polepole. Akasema mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye hali. Niwe nimeondoka kabla ya Jumamosi. Bunty alikuwa ameshapanda kochi.

Mwanzoni niliumia. Kisha nikaelewa. Dada yangu amenifukuza. Hili sikujitakia! Kesho asubuhi na mapema nampelekea Bi. Farrant habari njema.