Mimi Ndiye Niliyempima Mwalimu Kiuno

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku njema kuliko zote tangu nianze ushonaji! Mjane wa Mwalimu Upepo kapita dukani na mapazia ya ukumbi wa mazoezi ya mapigano, anataka nikunje pindo. Jumapili hii mwaka unatimia tangu Mwalimu afariki. Wanafunzi wake watakuja kutoka kila mji, wengine ng'ambo. Mama huyo anatafuta mtu mmoja wa kusimama na kueleza Mwalimu katuachia nini. Si mateke, kasema. Mateke kila mtu aliyaona kwenye televisheni. Anataka mawazo yake. Falsafa!

Nani anamjua kuliko mimi? Miaka kumi na tisa nimemshonea nguo za mazoezi. Mtu ukimpima kiuno hana la kukuficha. Nikamwambia Mama kwamba mtu huyo ndiye mimi.

Kanitazama kidogo, kisha kasema atamuuliza na kinyozi.

Kinyozi! Yaani shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kibanda chake na duka langu ni ukuta mmoja. Ati kwa kuwa alimnyoa Mwalimu ndevu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekaa na penseli nikumbuke Mwalimu aliniambia nini. Tabu kidogo. Miaka yote hiyo, mikono juu, kimya. Nimekumbuka mambo matatu tu. "Hapo panabana." "Hapo pamelegea." "Ahsante, fundi."

Lakini mwenye akili huona mbali. Kufikia saa sita falsafa ilikuwa tayari: Woga hubana. Kiburi hulegea. Shukrani hukaa sawasawa mwilini.

Nilijishangaa mwenyewe. Nikaandika kwenye kadibodi, nikabandika mlangoni: MANENO YA MWALIMU UPEPO KAMA ALIVYOMWAMBIA FUNDI WAKE. Muuza magazeti kayanakili na kutikisa kichwa kwa heshima. Mke wangu kauliza Mwalimu aliyasema lini hayo. Nikamwambia falsafa haina tarehe.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Shemeji naye kaweka bango. Kubwa kuliko langu, na rangi mbili! Linasema: ADUI WA KWELI NI UNYWELE UNAOOTA KWA NDANI.

Nikamwendea kwa upole kumuuliza kama Mwalimu kweli alisema hivyo. Kaapa kwamba alisema mara tatu, mashavu yakiwa na povu. Nikamwambia mtu mwenye povu mdomoni hasemi falsafa. Kanijibu kwamba mtu aliyeinua mikono kama anayeibiwa hasemi falsafa pia.

Wateja wake wakacheka. Mmoja nusura akatwe sikio. Nimeghairi kwenda kula naye Ijumaa, ingawa tumekula pamoja kila Ijumaa tangu nimuoe dada yake. Imeniuma. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mkakati mpya: vitendo. Zamani nilikuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Siku moja tu, kweli. Nilianguka kabla sijaguswa, Mwalimu akacheka, na darasa zima likacheka. Sikurudi tena. Lakini siku moja ni siku!

Nikasimama dukani mbele ya watu, nikamwita shemeji anisukume kwa nguvu zake zote. Nikatangaza kwamba fundi wa Mwalimu hasukumiki. Shemeji kaja mbio. Nikakumbuka ana kilo tisini na nne. Nikajibanza pembeni.

Shemeji kapita kama gari lisilo na breki, akakumba meza ya kupigia pasi. Hakuumia. Pasi ililala kifudifudi juu ya pazia la Mama, nasi tukashughulika kubishana nani kashinda. Harufu ndiyo iliyotunyamazisha. Tundu limetoka safi kabisa, umbo la pasi, mpaka ncha yake.

Mke wangu kaja, katazama pazia, katutazama. Kaniuliza nina miaka mingapi, kisha kamuuliza kaka yake swali lilelile. Kang'oa mabango yote mawili. Hasemi nami. Hasemi naye pia, hilo limenifariji.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimetia kiraka kikubwa kama sahani, nikampelekea Mama pazia lake. Njiani nilipanga maneno ya kumlaumu shemeji. Nimemkuta mlangoni pa Mama, anafuta jasho. Kaja kunilaumu mimi!

Mama katuketisha benchi moja na kutuletea daftari kuukuu la Mwalimu. Kasema tusome. Nilitarajia siri za mapigo. Nikasoma: "Leo nimebishana na dereva wa basi hadi kanyamaza. Nimemshinda. Kesho nikamtake radhi." Chini, kwa wino mwingine: "Nimemwona. Tumekunywa chai." Ukurasa baada ya ukurasa, miaka na miaka. Bingwa wa dunia, na daftari zima ni orodha ya watu aliowaonea!

Kisha Mama kafungua ukurasa mmoja na kuniwekea kidole. "Leo fundi kaanguka darasani, nami nikamcheka mbele ya watu. Kesho nimpelekee kitambaa anishonee." Chini yake: "Kanishonea. Suruali inabana. Safari hii sitasema kitu."

Nikasoma mara mbili. Miaka kumi na tisa nilidhani kaja kwa ajili ya sifa zangu!

"Mwenzangu hakuwa na falsafa nyingine," Mama kasema. "Alisema pambano haliishi mtu akianguka. Linaisha mkikaa pamoja." Katumiminia chai, akaingia ndani na kiraka changu.

Tukanywa. Baadaye shemeji kaniuliza kama mkono wangu haukuungua kwa pasi ile. Machozi yalinitoka. Vumbi la vitambaa, bila shaka.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Ukumbi ulifurika. Mama hakumpa yeyote nafasi. Kasimama mwenyewe, akasoma kurasa sita za daftari, akaketi. Watu wazima wenye misuli kama kamba za meli walilia. Kisha wakaanza kutakana radhi, huyu na yule.

Nami nikawa nasafisha koo. Shemeji kaniwahi! Kasimama mbele ya umati, akaniomba msamaha kwa sauti nzito, akanikumbatia mpaka miguu ikaning'inia. Makofi! Nyuma yangu mtu kasema huyo kinyozi ndiye mrithi halisi wa Mwalimu.

Sikulala vizuri.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimeanza alfajiri. Nimemwomba radhi muuza magazeti. Mke wangu, mara mbili. Ya pili kaniambia nimpishe apite. Nimempigia simu mama mkwe nikamtaka radhi kwa jambo ambalo hakulijua. Sasa analijua. Nimemwomba radhi mteja kwa suruali ambayo hajaivaa, naye kakimbia nyumbani kuijaribu.

Kufikia saa sita: watu kumi na moja. Shemeji: saba. Nawahesabu kupitia ukuta.

Kaja mchana kuniuliza kama nina amani sasa. Nikamtaka radhi papo hapo kwa kumzidi. Wa kumi na mbili!

Jioni nimejishonea mkanda wa kuvaa ukumbini, rangi ambayo hakuna mwanafunzi aliye nayo. Nimeutarizi MNYENYEKEVU KULIKO WOTE. Herufi za dhahabu. Nimeuning'iniza dirishani na kuvuka barabara kuhakikisha. Zinasomeka vizuri sana.