Ng'ombe Wangu Hawaingii Kwenye Injini Ndogo

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimebonyeza kile kiduara chekundu. Sijui kama kinasikia. Kinasikia! Basi mimi ni Nyanzala, wa Misunkumilo, hapa hapa Mpanda. Umri muulize aliyenizaa. Kuanzia leo naongea na simu, maana kwenye nyumba hii hakuna anayenisikiliza mpaka mwisho. Kuandika sijui. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, mimi nilikuwa upande wa ng'ombe.

Sasa habari yenyewe. Mjukuu wangu Lucia anatengeneza gemu. Siyo la mpira. Hili unakuwa mtu, unatembea, unakutana na watu, wanakuuliza maswali, unachagua la kujibu. Ukijibu vizuri unapata nguvu. Ukijibu vibaya unajuta. Nikamwambia hayo ndiyo maisha ya ukweni, mbona. Humo ndani kuna msichana anaitwa jina langu, anatoka Bariadi na ng'ombe kuja Katavi, kama tulivyokuja sisi. Miezi mitatu Lucia anachora ng'ombe. Mimi namtajia, yeye anachora. Kila mmoja na rangi yake na pembe zake.

Jumamosi kuna maonyesho ya vijana ukumbini mjini. Mshindi mmoja anapelekwa Dodoma kufundishwa miezi sita, kula na kulala bure. Akikosa, mwanangu Malale, baba yake mkubwa, anamchukua Litapunga akagredi tumbaku, kutwa kupanga majani kwa madaraja. Ameshapiga simu. Pikipiki inakuja Jumapili! Lucia akinusa tumbaku macho yanavimba kama nyanya. Sitaki.

Na bado hajachagua injini. Nikauliza injini ya nini, gemu linakwenda wapi? Akasema bibi, kila gemu lina injini yake inayolivuta. Ahaa! Maksai! Angesema hivyo tangu mwanzo. Maksai nawajua.

Wapo watatu. Kuna ndogo, kila kitu kiko tayari humo, kama sare za dukani. Kuna kubwa ya wazungu. Na kuna ya bure. Lucia anaitaka ile ndogo kwa sababu anaijua. Nimekataa. Maksai hachaguliwi kwa kuzoeana. Anafungwa jembe kwanza.

Jirani Pudensiana amekuja kuomba chumvi. Chumvi gani! Amekuja kutangaza kwamba mjukuu wake Gelasius naye anaingia maonyesho, na yeye injini alishachagua zamani, ile ile ndogo. Akaniuliza eti, Mama Malale, na nyie mnacheza gemu na uzee huo? Nikampa chumvi ya mawe.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Leo majaribio. Tumeanza na ile ndogo. Lucia akaweka ng'ombe kumi na wawili.

Kumi na wawili! Hao ni ng'ombe wa mtu aliyeibiwa. Watu wa Bariadi wakiona watachanga. Akaniuliza basi bibi mlikuwa nao wangapi. Nikamwangalia. Mtu anaulizwa idadi ya ng'ombe wake, mchana, mlango wazi? Nikamwambia wewe ongeza, wakitosha nitasema basi.

Kufika arobaini, injini ndogo ikaanza kutembea kama iko kwenye tope. Na juu pale, kwenye kona, imeandika namba! Imewahesabu! Inawatangazia wapita njia! Nikasema hii injini ina mdomo. Haifai.

Ile kubwa ikala bando lote asubuhi kabla haijafunguka. Ilipofunguka ikataka neno la siri. Nikasema mgeni haingii kwangu akaanza kuniuliza siri. Laptopu ikapata joto, nimeiwekea kiganja kama mtoto mwenye malaria. Haifai.

Ya bure nikaitilia shaka. Nani anatoa maksai bure? Lucia akasema imetengenezwa na watu wengi dunia nzima, kila mmoja anaongeza mkono wake. Kumbe wanalimiana! Hao ni watu. Ikabeba ng'ombe tisini, na haikusema namba. Nimeichagua hiyo.

Lucia ananung'unika. Eti ya bure haijui, siku nne hazitoshi kujifunza. Nikamwambia mimi Kiswahili nimejifunza ukubwani, kwa kugombana na wauza dagaa sokoni, na nilianza kushinda siku ya tatu.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Laptopu imeganda. Tulipita mia na kitu, sisemi kitu gani. Lucia akalia, akasema bibi tupunguze. Nikasema hapunguzwi hata ndama. Akaenda kuoga kwa hasira. Akioga kwa hasira anakaa sana.

Nikapata akili.

Sisi Wasukuma hatuweki ng'ombe wote boma moja. Unabilisa. Unampa rafiki wachache akutunzie, anakunywa maziwa, analimia, lakini ng'ombe ni wako na ndama ni wako. Ugonjwa ukija haumalizi wote. Mwizi naye hivyo hivyo. Sasa kama boma la Lucia limejaa, dawa si kuchinja. Dawa ni kubilisa!

Nikaifunga laptopu kwenye kanga, nikaenda mjini kwa Uwesu mwenye steshenari. Nikamwambia nigawie ng'ombe hawa. Akacheka mpaka akashika meza, akasema bibi, kwenye kompyuta haiko hivyo. Nikamwambia sikukuuliza ikoje, nimekuuliza utanisaidia au niende kwa mwingine. Ana adabu, yule. Akaleta flashi. Akaniuliza tunakopi au tunahamisha?

Nikamuuliza kukopi ni nini. Akasema ng'ombe anakuwa huku na huku. Haa! Ng'ombe mmoja kwenye maboma mawili, huo si uchawi? Nikasema hamisha! Wote hamisha, nitagawa mwenyewe njiani.

Mwingine mwenye kompyuta ninayemjua mimi ni Gelasius tu. Basi nikampelekea yeye. Ndiyo, mjukuu wa Pudensiana, najua. Lakini kubilisa ni hivyo, unampa mtu ambaye hakuna atakayemfikiria. Nikamwambia tunza, kunywa maziwa. Alinikodolea macho, akasema asante bibi.

Nimeirudisha laptopu. Nyepesi! Mpaka feni limenyamaza. Lucia hajajua. Atashangaa.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Ameshangaa.

Kafungua gemu, msichana mwenye jina langu anatembea mbugani na fimbo peke yake. Anapiga mluzi. Hakuna anayegeuka. Lucia akatafuta huku, akatafuta kule, akapiga ukelele kama wa msiba, majirani wakaanza kuja na vigoda.

Nikamwambia tulia, hawajafa, nimewabilisa. Hakutulia. Eti kazi ya miezi mitatu. Eti hakuwa na nakala nyingine. Nikasema hilo ni kosa lake. Sijapenda alivyoniangalia.

Tukaenda kwa Gelasius. Ng'ombe wangu nimewaona toka mlangoni! Wanapanda mlima kwenye gemu lake, wamefanywa wadogo kama mbuzi, na shujaa wake akichoka anawakamua. Hapo sina neno, maziwa nilimruhusu. Nikauliza wengine wako wapi. Injini yake ndogo ilishabeba mlima, ikakubali kumi na wawili tu. Waliobaki walikuwa kwenye flashi. Na flashi alichukua Pudensiana, akaifutisha, akawekewa nyimbo za kwaya.

Kwaya! Ng'ombe wangu wote wamekuwa sauti ya pili!

Pudensiana akatoka jikoni na mwiko, akasema alichopewa mtu ni chake. Nikasema kubilisa siyo kupewa, muulize Msukuma yeyote. Akasema hapa siyo Usukuma. Akasema uzee umenikaa vibaya. Nikamwambia uzee wangu umekaa, wa kwako bado unatafuta kiti. Watu wakacheka, akaniinulia mwiko.

Gelasius, mtoto mpole, hana damu ya bibi yake, akasema atarudisha wale kumi na wawili. Lucia akanyoosha mkono. Nikaupiga. Kumi na wawili sirudishiwi! Wote au hakuna!

Njia nzima Lucia alitembea mbele. Hakunisubiri hata kwenye mfereji.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Haongei na mimi. Chai kaniwekea, sukari hakuweka.

Malale kapiga simu, kauliza mtoto ameshafunga mizigo? Nimemwambia laini inakatika, na laini ilikuwa nzima kabisa. Nikamwona Lucia anakunja nguo zake kwenye begi. Mbili, tatu. Ile ya bluu. Nikavuta kigoda, nikageukia ukuta.

Halafu nikasema, nikiwa naongea na ukuta, kwamba mwaka ule tukihamia huku, ng'ombe walipotawanyika mtoni, mimi sikufunga begi. Nilienda boma kwa boma kuuliza. La kwanza wakanidanganya. La pili wakaniuliza kama nimeolewa. La tatu mzee mmoja akanipa uji, nikajua anaficha, maana uji ulikuwa na maziwa mengi kuliko ng'ombe wake.

Lucia akaacha kukunja. Akasema rudia.

Nimerudia mpaka jua limezama. Nilisema nini, wakajibu nini, nani alikuwa mwongo. Yeye anaandika tu, tatata, tatata. Sasa gemu limekuwa la msichana anayetafuta ng'ombe waliotawanyika. Unaingia kwa watu, unaongea, unasoma uso. Ng'ombe amechorwa mmoja tu, wa mwisho kabisa, Sitaki, yule wa baka jeupe kwenye jicho. Mmoja naye ana aibu yake, lakini anaonekana mwishoni, wageni watakuwa wameshashiba.

Halafu nikagundua. Karudi kwenye injini ndogo! Yenye mdomo! Eti maongezi inayajua yenyewe, na muda umeisha. Nimegombana naye. Kaweka sukari, lakini injini hajabadilisha.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Ukumbi umejaa. Nimevaa kitenge kipya na nimekaa mstari wa mbele, uliotengwa kwa watu wa halmashauri. Wamejaribu kunihamisha. Wawili.

Gelasius kaanza. Ng'ombe wangu wakatokea ukutani, wakubwa hivi. Jaji mkuu, mwanamke mmoja anaitwa Sikuzani, akasema hawa kachora mtu anayejua kuchunga. Watu makofi. Pudensiana kanigeukia na meno yote.

Nikasimama. Nikawaita mmoja mmoja wanavyopita. Mwenyekiti! Shemeji! Bibi Harusi, na mguu wake mbaya! Yule pale Kiguu na Njia, aliyekula kanga yangu! Wakaniambia mama kaa. Nikasema nikae, mali yangu inapita? Ndipo Gelasius mwenyewe akashika maiki, akasema kweli, kachora Lucia. Bibi yake akamvuta shati. Hakukaa. Mtoto yule nitamtafutia mke.

Majaji wakasema kwa kanuni Gelasius hashindanishwi, ila aje mwakani na michoro yake. Akaitwa Lucia. Sikuzani akakaa kucheza kidogo tu, aone. Akaingia boma la kwanza, akadanganywa. La pili, akaulizwa kama ameolewa, akacheka. La tatu akapewa uji, akashukuru, akaondoka! Ukumbi mzima tukapiga kelele, rudi, uji, uangalie uji! Akarudi. Hakuinuka mpaka kampata Sitaki.

Kauliza umetumia injini gani. Nikajibu kwa sauti, ya bure! Lucia akasema hapana, ile ndogo. Nikawaeleza watu kwamba mtoto ana woga.

Dodoma anaenda Lucia. Lucia wangu! Tarehe moja Julai. Alinikumbatia mbele ya watu wote mpaka kilemba kikadondoka. Nimempigia Malale, nimemwambia tumbaku agredi yeye. Laini leo haikukatika.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Lucia yuko kanisani. Kabla ya kutoka kaniapisha nisiiguse laptopu. Nimeapa. Niliyeapa ni mimi, sikumwapia Gelasius.

Maana jana sikupata usingizi. Yule msichana mwenye jina langu anazunguka maboma ya watu peke yake. Mtoto wa kike! Na sasa anapelekwa Dodoma, bila ndugu, bila mbwa! Watu watasema nini? Nikamwita Gelasius, nikamwambia amwekee wa kumsindikiza. Marehemu mume wangu. Kaka zake saba, na wake zao. Mashangazi. Mbwa wanne. Mama mkwe, lakini akae nyuma. Wote waongee, na waongee kwa pamoja, ndivyo ilivyokuwa. Gelasius akasema bibi, injini hii ndogo. Nikamwambia watu siyo ng'ombe, watu wanabanana.

Tulipofika kwa mashangazi laptopu ikatoa mlio. Sasa ni nyeusi, na imegoma kuwaka. Gelasius kasema anaenda kuchota maji. Ndoo kaiacha hapa.

Nimeifunika na kanga, nimeipepea. Bado ina joto, kwa hiyo ni nzima. Kengele imelia, wanatoka. Akiuliza, nitamwambia nilisema tangu Jumatatu tuchukue ya bure.