Breki Nyekundu za Grisi

Kabla Grisi hajamwona yule mama, alilisikia gari lake. Breki zililia kriii tangu juu ya mteremko mpaka mlangoni pa gereji yake, chuma kikisaga chuma, na masikioni mwa Grisi sauti hiyo ilikuwa tamu kuliko nyimbo za harusi. Walimwita Grisi kwa sababu maneno yake yalipenya hata palipokaza.

Mama akashuka, mtoto mgongoni, wengine wawili wakichungulia dirishani.

"Kaka, nataka breki. Kila asubuhi nashuka mteremko huu na wanangu. Jana kilichonisimamisha ni ukuta wa shule."

"Pole, dada yangu! Mungu anakupenda, kakuleta kwangu."

Grisi akafunua turubai taratibu, kama anayemfunua bibi harusi. Chini yake diski kubwa kama sinia, zenye matundu, na vibanio vyekundu vinavyong'aa. Zilitoka kwenye lori dogo lililokufa kwa ajali, Mungu alilaze pema, na rangi ilikuwa bado haijakauka.

"Breki za mashindano hizi. Zinaingia gari lolote. Hizo za kiwandani ni takataka tupu!"

"Hata kwenye magurudumu yangu haya madogo?"

"Breki ni kama mapenzi, dada. Zikipenda, zinaingia."

Madereva waliokuwa wakisubiri zamu zao wakaangua kicheko, wakasogea. Mama akageuka kulitazama gari la Grisi, limeegeshwa kivulini, linameremeta. Aina ile ile ya lake.

"Na wewe umefunga hizi nyekundu?"

"Aa... nafunga leo leo."

"Basi funga sasa, tuone. Likisimama vizuri nachukua mimi, na hawa kaka zangu hawabaki nyuma. Ama vipi?"

"Ndivyo!" wakaitikia madereva.

Tamaa ikampanda Grisi mpaka utosini. Akampigia kelele fundi wake, aliyeitwa Spana: "Spana! Toa takataka hizo!"

Spana akamnong'oneza, "Bosi, za kwako ni mpya. Tumezifunga juzi tu."

"Toa, nimesema! Unataka kunivunjia soko?"

Zikatoka diski mpya, pedi mpya, zimelala sakafuni zikimeremeta kama meno ya mtoto. Spana akashika zile nyekundu. Matundu ya bolti yakakataa. Akaongeza nyundo. Yakakubali kwa shingo upande, lakini gurudumu likagoma katakata kuingia juu yake.

"Kitu kidogo tu," alisema Grisi, kichwa ndani ya tao la gurudumu, jasho likimchuruzika. "Gonga tena!"

"Kaka," mama akauliza kwa upole, "hizi takataka zako zitupwe wapi?"

"Tupa popote, dada! Usinitoe kwenye kazi!"

Mama akaomba madereva wamsaidie kuzipakia kwenye buti la gari lake, akawashukuru, akaliendesha polepole kuvuka barabara hadi gereji ya jirani.

Kwa saa nzima Grisi aligonga, akasukuma, akaliapiza gurudumu. Alipotoa kichwa, mikono imekuwa myekundu mpaka viwiko, gari la yule mama, lililokuwa limepandishwa juu kujaribiwa, lilikuwa likishuka mteremko. Halikulia. Lilimjia moja kwa moja, na kabla hajapata hata nafasi ya kukimbia, likasimama tuli, kama askari anayepiga saluti, hatua moja kutoka magotini pake. Nyuma watoto wakapiga makofi.

"Breki zangu hizo!" Grisi akapaza sauti.

"Zako?" mama akashangaa. "Wewe si ulisema nitupe popote? Nami nimezitupa chini ya gari langu. Zimeingia kama pete na kidole."

Madereva wakashikana mabega kwa kicheko.

"Na mimi nitasimama na nini?" Grisi akalalama.

"Mapenzi, kaka. Wewe subiri tu, zikipenda zitaingia."

Akapunga mkono, akaondoka kimya kimya. Grisi akabaki amesimama kando ya gari lake lililokaa juu ya mawe. Dereva mmoja akalizunguka, akagonga bodi kwa kidole, akauliza kwa heshima zote:

"Samahani, kaka. Na milango nayo ni takataka?"