Tableti Sita na Shimo la Mwalimu Verdiana

Jumatatu, 9 Machi 2015
Mageuzi! Leo mimi, Abubakari, mwenye maduka matatu ya vitabu (Tarime, Nyamongo na Mugumu, ingawa la Mugumu kwa sasa kuku wa jirani wanatagia humo), nimeingia kwenye vitabu vya kielektroniki. Tableti sita za kusomea, kutoka Sirari, mpakani. Kuruthumu, mpinzani wangu wa Nyamongo, atajuta! Alianza kwa kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Sasa anawawekea na vitabu, na kila mteja wake alikuwa wangu. Saida, mke wangu, kasema nisipopata oda ya shule ya Mwalimu Verdiana kufikia Ijumaa, duka la Tarime litauza unga. Hakutabasamu. Ameshaulizia mizani.

Jumanne, 10 Machi
Duka la Nyamongo. Wateja kumi na mmoja wameshika tableti. Wameuliza kama inapiga simu. Haipigi. Kama ina tochi. Haina. Mmoja akauliza sasa inafanya nini, nikamwambia ni ya kusoma vitabu. Akasema vizuri, ikimaliza kusoma imsimulie. Kuruthumu, ambaye duka lake linatazamana na langu, alisimama mlangoni akila karanga, akimuaga kila aliyetoka kwangu mikono mitupu. Mwanamke huyu hana haya.

Jumatano, 11 Machi
Shuleni, nje kidogo ya Nyamongo. Nimemwamkia Mwalimu Verdiana shikamoo mara mbili, kwa uhakika. Nikaahidi kitabu chochote duniani kitashuka papo hapo. Netiweki hakuna! Nikatoka uwanjani, tableti mbele, hatua moja moja, nikapinda kushoto, nikarudi kinyumenyume. Nyuma ya madarasa, netiweki! Nikapanga mawe matatu nisipasahau. Kitabu kikaanza kushuka, chaji ikaisha. Mwalimu akasema atafikiria. Nje ya ua walikuwepo wachimbaji wadogo wa dhahabu kama kumi, wakinitazama kwa heshima kubwa. Angalau wapo wanaopenda kusoma.

Alhamisi, 12 Machi
Balaa! Mwalimu kapiga simu saa moja asubuhi. Nyuma ya madarasa kuna shimo. Futi kumi na tano, limenyooka, kuta zimekatwa safi, mawe yangu yamewekwa pembeni. Wachimbaji walimwona mtu na mashine akipima ardhi na kuweka alama. Nyamongo hii, nani angesubiri kuelezwa? Werema, kiongozi wao, kaja dukani na sururu. Anataka kujua mashine ilionyesha kina gani, maana hawajaona hata chembe ya dhahabu. Nikasema ni ya vitabu. Akasema hakuna mtu mzima anayetembea kinyumenyume uwanjani kwa ajili ya kitabu. Kesho naitwa mbele ya Mwalimu na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Machage. Naogopa. Sijala. Saida amenunua mizani.

Ijumaa, 13 Machi
Alhamdulillahi! Nilifika na barua ya kuomba radhi kurasa mbili. Nikamkuta Mwalimu Verdiana anacheka. Tangu shule ianzishwe, wanakijiji wamejaribu kuchimba shimo la choo cha wanafunzi. Kila mara wanafika magotini, wanakutana na mwamba, wanarudi nyumbani. Sasa shimo lipo, tena limechimbwa na mafundi! Mzee Machage akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Werema naye ametulia, kapewa kazi ya kujenga choo chenyewe. Na oda nimepata! Vitabu mia mbili na arobaini, vya karatasi. Tableti Mwalimu hataki hata kuisikia. Nilikaa chini pale pale kwenye mawe yangu nikapumua. Sijawahi kufurahia choo namna hii.

Jumamosi, 14 Machi
Saida karudisha mizani. Nimelala hadi saa tatu, nimekula chapati nne, nimetafakari kwa utulivu. Bila tableti oda isingepatikana. Hilo hata Kuruthumu hawezi kulipinga. Kwa hiyo leo nakwenda Sirari kuchukua nyingine ishirini, zenye tochi. Nasikia shule ya kijiji cha pili nayo haina choo. Mawe matatu nimeshayafunga kwenye bodaboda.